Waandalieni Safari Kimya Kimya

"Mama, bibi amefariki?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoyatamka kifungua mimba wetu, mvulana wa miaka 12, tulipomwamsha saa kumi alfajiri na akaona begi limefungwa mlangoni. Tulikuwa tumeingoja saa hiyo kwa miezi saba. Tulidhani ataruka kwa furaha. Badala yake aliketi kitandani, akashika shuka kwa mikono miwili, akatutazama kama mtu anayengoja kupigwa. Mdogo wake wa kike akaanza kulia kabla hajafumbua macho sawasawa.

Akina mama wenzetu, tulikuwa tumesahau jambo moja ambalo kila mtoto wa huku kwetu analijua. Mtu haamshwi usiku kwa heri. Taa ikiwashwa saa kumi, wakubwa wakanong'ona, begi likafungwa haraka, basi simu imepigwa kutoka kijijini na kuna mtu ameaga dunia. Watoto wetu wameamshwa hivyo mara kadhaa. Sisi tulitaka kuwapa furaha ya ghafla, wao wakaona msiba.

Tuliwakumbatia, tukawaambia bibi ni mzima, jana tu ametuma salamu. Kisha tukasema, "Tunakwenda Mwanza kutembea." Mdogo kabisa, wa miaka mitano, akapiga kelele za shangwe. Lakini yule mkubwa hakucheka. Aliuliza polepole, "Kweli, au kama siku zile?"

Ndiyo maana tumeona tuandike makala haya. Tunataka kusema jinsi ya kuwashtukiza watoto kwa safari ya familia, na pia jinsi ya kutowashtua.

AHADI NI DENI

Labda utauliza, mpenzi msomaji, kwa nini tulifanya siri. Sababu yake inatia aibu kidogo, lakini tutaisema.

Baba watoto anafanya kazi ya zamu upande wa Geita, kwenye dhahabu. Sisi na watoto tunakaa Shinyanga mjini, karibu na hospitali tunakofanya kazi ya uuguzi. Familia za namna hii ni nyingi katika ukanda wetu. Tangu almasi ilipogunduliwa Mwadui mwaka 1940, na hasa tangu migodi mikubwa ya dhahabu ilipoanza uzalishaji Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, baba wa huku amekuwa mtu wa kuja na kuondoka. Mtoto anamjua baba yake kwa begi.

Mara ya kwanza tuliwaahidi watoto kwamba shule zikifungwa tutakwenda kisiwa cha Saanane. Zamu ya baba ikabadilishwa dakika za mwisho. Mara ya pili fedha yote ikaenda kwenye msiba wa ndugu. Mara ya tatu mabegi yalikuwa tayari, nguo zimepigwa pasi. Usiku ule ule binti yetu wa miaka tisa, ambaye ana ugonjwa wa seli mundu, akapatwa na maumivu makali ya mifupa. Badala ya kwenda stendi tukaenda wodini.

Hakuna aliyekosea. Lakini mtoto hahesabu sababu, anahesabu mara. Kifungua mimba wetu aliacha kabisa kuuliza habari za safari. Na binti yetu, siku ya tatu akiwa bado na dripu mkononi, alituambia, "Mama, ni mimi niliyeiharibu."

Neno hilo lilituchoma. Wahenga walisema ahadi ni deni. Sisi tulikuwa tumekopa kwa watoto wetu mara tatu bila kulipa, na aliyekuwa akilipa riba ni mtoto mgonjwa.

Hapo ndipo tulipokubaliana na baba watoto kwamba safari hii hatukopi. Tutaandaa kimya kimya. Ikifanikiwa, watoto watapata furaha mara mbili. Ikiharibika, itatuuma sisi wazazi wawili tu, na hakuna mtoto atakayejiona ndiye chanzo. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo faida kubwa ya kuficha safari. Furaha ya kuwashtukiza ni nyongeza.

WAPI PA KUWAPELEKA?

Watoto wetu wanaziona kwenye televisheni na kwenye simu bustani kubwa za michezo za ng'ambo. Disneyland ya California, iliyofunguliwa mwaka 1955, wanaijua kwa jina hata kama hawajui California iko wapi. Hapa nchini ipo bustani ya michezo ya maji ya Wet 'n' Wild kule Kunduchi, Dar es Salaam, yenye mabwawa na mitelezo mirefu. Kutoka Shinyanga hiyo ni safari ya karibu kilomita 1,000. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya Dodoma hadi Dar es Salaam imepunguza adha ya njia, na wenye uwezo wajipange. Lakini usidhani kwamba bila hizo huna la kuwapa watoto. Mtoto wa miaka mitano hajui bei ya kiingilio. Anajua kama mama yake alikuwa na haraka au alikaa naye.

Sisi tulichagua Mwanza. Kutoka Shinyanga ni kama saa tatu kwa basi, na pale kuna mambo ambayo hata watu wazima wengi wa Shinyanga hawajayaona.

Kwanza, kisiwa cha Saanane. Kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi hapo kabla kisiwa hakijatengwa. Mwaka 1964 pakawa bustani ya wanyama ya kwanza nchini, na mwaka 2013 pakawa Hifadhi ya Taifa. Ni hifadhi ndogo, isiyofika hata kilomita 3 za mraba pamoja na maji yake, kwa hiyo miguu midogo haichoki sana. Boti inaondokea Capri Point na kufika kwa muda mfupi tu. Huko kuna swala pala, tumbili, kenge na pimbi, yule mnyama mdogo kama sungura asiye na masikio marefu, ambaye wataalamu wanasema ni ndugu wa karibu wa tembo. Mwambie mtoto hivyo uone atakavyobisha.

Pili, mawe. Mwanza inaitwa mji wa miamba, na lile jiwe la Bismarck lililosimama ndani ya ziwa halina kiingilio kwa mtu anayelitazama kutoka ufukweni.

Tatu, Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, kwenye barabara ya kwenda Musoma. Yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Huko watoto wataziona ngoma za watemi na kusikia habari za ushindani wa Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma ambayo babu zetu walikuwa wakiyashabikia kama vijana wa leo wanavyoshabikia Simba na Yanga.

Wenye siku zaidi na usafiri wanaweza kuendelea na barabara hiyo hiyo ya Musoma hadi lango la Ndabaka, waingie Serengeti kwa upande wa magharibi.

Kwa wanaotoka Geita mambo yamekuwa mepesi. Zamani ilibidi kungoja kivuko cha Busisi na Kigongo, wakati mwingine kwa saa nyingi. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 juu ya ziwa. Kwa mtoto anayelivuka mara ya kwanza, hiyo peke yake ni safari.

FEDHA, RUHUSA NA SIRI

Tulianza na kibubu. Tulikiweka kwenye sanduku la sare za kazi, mahali ambapo watoto hawana shughuli. Kila mwisho wa mwezi tuliingiza kiasi kile kile, na baba watoto naye alituma sehemu yake. Akina mama wengine wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa waliweka hisa za safari peke yake. Lolote ufanyalo, usikope. Safari ya siku mbili isilipwe kwa marejesho ya miezi sita.

Andika hesabu kwenye karatasi: nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, kiingilio, boti, na akiba ya dharura. Uliza bei mapema, kwa maana kiingilio cha Mtanzania katika hifadhi ni nafuu kuliko cha mgeni, na watoto wadogo hupata nafuu zaidi. Kwa malazi, ulizia nyumba za wageni za makanisa. Nyingi ni safi na tulivu.

Chakula cha njiani tulikitengeneza wenyewe: mayai ya kuchemsha, maandazi, michembe na karanga. Lakini tulipika usiku, na harufu ya maandazi saa nne usiku nusura itoboe siri. Tulisema kweli tupu: "Ni ya kesho." Hakuna aliyeuliza kesho kuna nini.

Jambo la ruhusa msilisahau. Sisi tuliomba likizo mapema, tukabadilishana zamu na mwenzetu. Baba watoto alisubiri mpaka ruhusa yake ilipokuwa imeandikwa na kutiwa sahihi. Bila karatasi hiyo hatukukata tiketi.

Na siri iwe ya watu wachache. Mjue wazazi wawili, dada anayewasaidia nyumbani, na jirani atakayeangalia kuku. Mkimwambia shangazi, mjue mmewaambia ukoo mzima.

Hapa tuseme neno juu ya uongo. Kunyamaza si kusema uongo. Lakini kumwambia mtoto jambo lisilo kweli ili umfurahishe baadaye ni kitu kingine. Katika kazi yetu tumemwona mama aliyemwambia mtoto, "Twende hospitali ukachomwe sindano," kumbe anampeleka kwenye sherehe. Mtoto alilia njia nzima, na kwa muda mrefu baadaye hakuamini neno "twende". Siri njema ni ile ambayo mtoto akiikumbuka nyuma hapati hata neno moja la kudanganywa.

NJIA ZA KUWAFUMBULIA

Baada ya kosa letu la saa kumi alfajiri, tumezungumza na akina mama wengi kliniki na katika umoja wa wanawake kanisani. Hizi ni njia ambazo wengine wamezijaribu na nyingine ambazo sisi wenyewe tutazitumia safari ijayo.

1. Vitendawili vya wiki nzima. Kila jioni baada ya kula, tega kimoja. "Mawe yamebebana mgongoni wala hakuna anayechoka." "Ana kichwa chekundu na mwili wa bluu, anapiga pushapu juu ya jiwe." Watoto watabishana mpaka siku ya mwisho unapowaambia kwamba majibu yote yako mji mmoja. La kwanza ni Mwanza. La pili ni mjusi wa miamba ya huko, yule dume mwenye rangi mbili.

2. Ramani iliyokatwa. Chora ramani ya kutoka nyumbani hadi mnakokwenda, weka majina ya vituo, kisha ikate vipande. Ficha kipande kimoja chini ya sahani, kingine ndani ya kiatu cha shule, kingine kwenye daftari. Watoto wataiunganisha wenyewe. Njia hii ni nzuri kwa walio darasa la tatu na kuendelea, na inawafundisha jiografia bila kiboko.

3. Sanduku la vitu. Weka kofia ya jua, chupa ya maji, peremende na kipande cha kamba ya mashua. Waache washike, wanuse, wakisie.

4. Barua ya baba. Kwa baba aliye mbali, hii ni bora kuliko zote. Aandike kwa mkono wake, si kwa ujumbe wa simu, na barua ipewe mtoto siku ya kupokea ripoti ya shule. Lakini msiiunganishe na alama. Safari ya familia isiwe tuzo ya wa kwanza na adhabu ya wa ishirini.

5. Mshirika mmoja. Kama una mtoto mkubwa aliyekwisha kuvunjwa moyo na ahadi, mwingize kwenye siri wiki moja kabla. Mpe kazi ya kweli: kushika tiketi, kuhesabu mabegi. Tungefanya hivyo kwa kifungua mimba wetu, asingeamka na hofu ile. Mtoto asiyeamini ahadi mshikishe tiketi mkononi.

6. Mchana, si usiku. Kama ni lazima muondoke alfajiri, wafumbulie jioni iliyotangulia, kabla ya kulala. Washa taa zote, imbeni, mbebe yule mdogo mgongoni mzunguke nyumba. Wajue kabisa kwamba hii ni furaha. Usingizi watakosa, lakini ni heri wakose usingizi kuliko waamke na msiba mioyoni.

NENO LA MUUGUZI

Kuna mambo ambayo hayafai kuwa ya ghafla, nayo ni ya afya. Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye seli mundu, na wengi wao wamezoea kubaki nyumbani wenzao wakitembea. Si lazima iwe hivyo. Mtoto huyu anaweza kusafiri, ila aandaliwe.

Kwa binti yetu tulianza wiki mbili kabla. Tulimpeleka kliniki yake ya kawaida, tukahakikisha vidonge vya foliki asidi, na vile vya haidroksiurea alivyoandikiwa na daktari, vinatosha siku zote za safari na siku tatu za ziada. Tulimhimiza maji kila siku, maana upungufu wa maji mwilini huweza kuanzisha maumivu. Tulifunga sweta na soksi hata kama Mwanza kuna joto, kwa sababu upepo wa ziwa na nguo zenye maji humletea baridi, na baridi ni adui yake. Tulibeba kadi ya kliniki, kadi ya bima na dawa ya maumivu aliyozoea, tukajua tangu nyumbani kwamba hospitali kubwa ya Bugando ipo pale pale mjini. Akipata homa, kifua kikambana au tumbo likavimba upande wa kushoto, usingoje mpaka safari iishe. Nenda hospitali saa hiyo.

Kwa watoto wote tunasema hivi. Anayetapika njiani akae mbele, ale kidogo na kikavu, na mfuko uwe tayari. Chandarua au nguo za mikono mirefu jioni, kwa maana mbu wa Mwanza hawajui kwamba mko likizo. Kuogelea ziwani pembezoni mwa matete msikubali hata kidogo. Kichocho kinaishi kwenye konokono wa maji yaliyotulia, na mamba naye hatoi taarifa. Wakitaka kuogelea, tafuteni bwawa la kuogelea lenye mwangalizi.

Kwenye boti, kila mmoja avae jaketi la kujiokolea linalomtosha, na la mtoto liwe la mtoto. Boti ikijaa kupita kiasi, shukeni, hata kama mmekwisha kulipa. Ziwa letu tunalipenda, lakini tunakumbuka MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018. Wengi wetu tuna ndugu au majirani waliovaa kaniki kwa ajili ya siku hizo. Mtoto akikuuliza kwa nini unang'ang'ania jaketi, mweleze kwa maneno machache yanayolingana na umri wake.

KITI CHA MGENI

Sasa turudi kwenye safari yetu. Watoto walikuwa wamekwisha kuambiwa Mwanza. Lakini kulikuwa na siri ya pili ambayo hawakuijua.

Tulikata tiketi tano, na sisi tulikuwa wanne. Kiti kimoja kilibaki wazi kando ya dirisha. Kondakta alitaka kumweka abiria, tukamwonyesha tiketi. Mvulana akauliza, "Mama, kiti hiki cha nani?" Tukajibu, "Cha mgeni wetu." Hakuuliza zaidi. Alikuwa bado anaiangalia safari ile kama mtu anayeangalia deni bovu.

Tukapita Maganzo, tukapita Hungumalwa, Mabuki na Misungwi. Binti yetu alikunywa maji yake bila kulazimishwa. Kitinda mimba alikula mayai mawili akalala.

Msomaji anayeijua njia hii anajua kwamba barabara ya kutoka Shinyanga na ile ya kutoka Geita hukutana Usagara, kabla ya kufika Mwanza. Basi likasimama pale. Akapanda mwanamume mmoja mwenye kofia na begi, akasimama karibu nasi, akasema, "Samahani mama, kiti hiki kina mtu?"

Kitinda mimba ndiye aliyeamka kwanza. Bila kumtazama alimjibu, "Ni cha mgeni wetu."

"Basi mgeni ndiye mimi," akasema yule mwanamume, akavua kofia.

Hatutaweza kueleza vizuri kilichofuata. Binti yetu alimrukia shingoni. Mdogo alipiga kelele "Baba!" mpaka abiria wa viti vya nyuma wakasimama kuangalia. Na yule mkubwa, yule aliyekuwa hajacheka tangu saa kumi alfajiri, aligeukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Baba yake alimwacha kwanza, kisha akaweka mkono juu ya kichwa chake, akauacha pale mpaka tulipofika stendi ya Nyegezi.

Kisiwani tulikaa saa nne. Pimbi waliota jua juu ya mawe bila kutujali, na mvulana alikataa katakata kwamba wana undugu na tembo. Mjusi wa kichwa chekundu alipiga pushapu zake. Binti yetu alichoka tukiwa nusu ya kupanda mwamba. Tulikuwa tumekubaliana kwamba akichoka sote tunapumzika, si yeye peke yake. Tukaketi kivulini, tukala michembe, tukaangalia mji ng'ambo ya maji. Hakuna aliyesema ameharibu kitu.

Tuliporudi usiku nyumba ya wageni, tulimsikia akimwambia kaka yake, "Leo sikuumwa." Kaka yake akamjibu, "Hata ungeumwa, Baba alikuwepo."

KAMA MWANZA NI MBALI

Tunajua si kila nyumba inaweza. Kuna mwaka ambao pamba haina bei, au mvua imekataa, au mchimbaji amerudi na mikono mitupu. Hata hivyo furaha ya ghafla haitaki fedha nyingi. Familia moja ya Shinyanga iliwapeleka watoto uwanja wa Kambarage kuangalia mpira, mama akiwa amevaa skafu ya timu aliyoificha ndani ya khanga. Nyingine ilibeba jiko la mkaa na sufuria mpaka juu ya mwamba nje ya kijiji, ikapika chai huko. Watu wa Geita na Chato wana hifadhi mbili za Taifa katika eneo lao, Kisiwa cha Rubondo tangu mwaka 1977 na Burigi-Chato tangu mwaka 2019. Shule au kwaya zikichanga pamoja, gharama ya usafiri hupungua.

Kanuni ni ile ile. Andaa kimya kimya, usiseme mpaka fedha na ruhusa viko mkononi, na ukisema, sema kwa sauti ya furaha. Wote wawili mwepo. Kama baba hawezi kuwapo, basi barua yake iwepo.

Siku ya tatu tulirudi. Pale Usagara baba watoto alishuka kushika njia ya Geita. Mvulana alimbebea begi mpaka kwenye gari jingine. Tulimsikia akisema, "Baba, usituambie utarudi lini. Njoo tu."

Baba watoto hakuahidi kitu. Lakini usiku ule alituma fedha kidogo kwenye simu na maneno mawili: "Ya kibubu." Mama mwenzetu, watoto wako wakilala leo, kaa na baba yao mezani, au mpigie simu huko aliko, mchague mwezi. Watoto wasijue bado.